Mabawa Kifuani, Rafadha Mkononi: Uhakiki wa Beji na Misimu ya Mafundi wa Ndege za Kijeshi

Utangulizi

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Methali hii ilizaliwa penye majahazi, lakini inaisadifu vilevile ndege ya kivita, ambayo haiondoki ardhini mpaka fundi wa injini, fundi wa kiunzi na fundi wa silaha wawe wamemaliza kazi yao na kuitilia saini. Pamoja na hayo, fasihi ya vita vya angani imekuwa, kwa kiasi kikubwa, fasihi ya rubani. Fundi huonekana mwanzoni mwa sura akiondoa kabari magurudumuni, na huonekana tena mwishoni akihesabu ndege zilizorejea. Baina ya nyakati hizo mbili hana sauti.

Haina maana kwamba fundi alikuwa bubu. Mafundi wa Jeshi la Wanahewa la Uingereza, RAF, walikuwa na msamiati wao mpana, wenye dhihaka na mapenzi, ambao ulienea katika kila kambi ya jeshi hilo, ikiwemo ile ya Eastleigh, Nairobi. Makala haya yanachunguza msamiati huo sambamba na beji ambazo wasemaji wake walizivaa. Hoja inayotolewa ni kwamba beji ni matini iliyoandikwa na wakubwa, na misimu ni uhakiki wa matini hiyo uliofanywa na waliolazimishwa kuivaa. Hoja ya pili ni kwamba misimu hii ilipoingia vitabuni ilipita mikononi mwa watu ambao hawakuwa mafundi, na katika safari hiyo neno lilihifadhiwa lakini msemaji akapotea. Jambo hili la pili ndilo lenye funzo kwa mtaalamu wa Kiswahili, kama itakavyoonyeshwa mwishoni.

Beji kama matini

Beji ya rubani wa Kiingereza ni mabawa. Ilianzishwa mwaka wa 1913 katika kikosi cha Royal Flying Corps, kabla ya RAF kuundwa tarehe 1 Aprili 1918, nayo hushonwa kifuani upande wa kushoto, juu ya mfuko. Askari wa vyeo vya chini, ambao wengi wao walikuwa watu wa ardhini, walipewa alama nyingine: rafadha, yaani lile panga linalozunguka mbele ya ndege na kuivuta. Alama hii ilishonwa kwenye mkono wa koti. Kuruta wa daraja la mwisho hakuwa na alama yoyote mkononi. Aliyepanda hadi kuitwa Leading Aircraftman alivaa rafadha yenye mapanga mawili. Na baada ya mageuzi ya vyeo ya mwaka wa 1951, Senior Aircraftman alivaa ya mapanga matatu na Junior Technician ya mapanga manne.

Alama hizi mbili zikisomwa pamoja, maana yake haifichiki. Mabawa ni kiungo cha kiumbe hai. Rafadha ni kipande cha mashine. Mabawa yamewekwa kifuani, makao ya moyo na ushujaa. Rafadha imewekwa mkononi, penye kazi na jasho. Mwenye mabawa ama anayo ama hana, kwa kuwa mabawa hayahesabiwi. Lakini rafadha huhesabiwa panga kwa panga, kama vile mshahara unavyohesabiwa shilingi kwa shilingi. Yamkini walioziagiza alama hizi hawakukusudia yote haya. Hata hivyo mhakiki hahukumu nia bali matini, na matini hii imegawa mwili wa jeshi katika kifua na mkono.

Palikuwa na jaribio moja la kurekebisha mgawanyo huo. Mageuzi yale yale ya 1951 yaliunda ngazi ya pekee kwa mafundi, ili mtu aweze kupanda cheo kwa ustadi wake bila ya kupewa amri juu ya wengine. Alama yake ilikuwa tepe zilizogeuzwa, ncha ikielekea juu badala ya chini. Mpango huo ulivunjwa mwaka wa 1964, ingawa mabaki yake yaliendelea katika vyeo vichache. Tepe hizo zilikiri jambo ambalo jeshi lilikuwa halijalikiri kwa maandishi: kwamba kujua na kuamuru ni vitu viwili. Lakini zililikiri kwa namna ambayo iliufanya ujuzi uonekane kuwa ni uamiri uliopinduliwa. Fundi alipata lugha yake, ila ilikuwa lugha ile ile ya mkubwa iliyosomwa kichwa chini.

Ikumbukwe pia kwamba rafadha iliendelea kushonwa mikononi baada ya ndege nyingi za kivita kuacha kabisa kutumia rafadha. Fundi wa injini ya jeti alivaa picha ya kitu ambacho huenda hakukigusa hata siku moja kazini. Kwa hiyo alama ilikuwa imekwisha kuachana na kazi, ikabaki kuwa alama ya daraja tu.

Misimu kama jibu

Wavaaji hawakukaa kimya. Mfano ulio wazi kabisa unahusu ndege aliyeshonwa begani mwa askari wasio maafisa. Kwa kauli rasmi ndege huyo ni tai. Makambini, hata hivyo, yaliendelea kwa miaka mingi mabishano kama ni tai au ni albatrosi wa baharini, na wengine walikata shauri kwa kumwita kwa jina la matusi ambalo askari wa Uingereza nchini India walikuwa wamempa mwewe anayeokota uchafu majaani. Ndege mmoja akawa na majina matatu: la serikali, la wabishi na la wenye kinyaa. Hakuna barua ya malalamiko ambayo ingeweza kusema kwa ufupi zaidi jinsi mvaaji alivyouona utukufu aliobandikwa begani.

Jina la jumla la askari wa chini wa jeshi hilo lilikuwa "erk". Asili yake ina ubishi: wako wanaolitoa katika ufupisho wa neno "aircraftman", na wako wanaolirudisha nyuma hadi katika lugha ya mabaharia. Jambo lisilo na ubishi ni umbo lake. Ni neno la silabi moja, lisilo na uzuri masikioni, linalotoka kooni kama kikohozi. Nalo halikukataliwa na walioitwa hivyo. Walilichukua, wakajitambulisha nalo. Kinyume chake ni "penguin", jina la afisa asiyeruka. Pengwini ni ndege mwenye mabawa asiyeweza kupaa. Hapa msimu unaigeukia mantiki ya beji yenyewe: ikiwa jeshi limeamua kwamba heshima hutokana na mabawa, basi fundi naye atampima afisa wake kwa kipimo hicho hicho, na kumcheka anapopunguka.

Fungu la pili ni la majina ya kazi. Fundi wa silaha, ambaye kazi yake ni mabomu na risasi, huitwa "plumber", yaani fundi bomba. Fundi wa injini huitwa "sootie", mwenye masizi. Fundi wa kiunzi huitwa "rigger", jina la mtu anayefunga kamba na matanga merikebuni, nalo lilifaa sana zamani ndege zilipokuwa za mbao na vitambaa, zimefungwa kwa nyaya. Fundi wa vyombo vya elektroniki huitwa "fairy", kiumbe mdogo wa ngano anayetenda mambo kwa uchawi. Jina lenye kejeli, lakini linaloeleweka kwa kuwa anachokitengeneza hakionekani kwa macho. Mtazamo wa majina haya ni tofauti kabisa na ule wa beji. Rafadha humwambia mtazamaji kwamba mvaaji ni wa daraja fulani. Haimwambii anafanya nini. Misimu haishughuliki na daraja. Inasema mikono imechafuliwa na nini. Beji hupanga watu kwa wima, misimu huwapanga kwa ulalo.

Hata pale misimu inapotaja cheo, inakibadilisha. Sajini mkuu wa kikosi cha mafundi aliitwa "chiefy", umbo la kumdekeza mtu, ambalo limebeba heshima na mazoea kwa pamoja. Msemaji wa Kiswahili atatambua mara moja jambo hili, kwani katika karakana zetu msimamizi stadi huitwa Mzee hata awe na umri wa miaka thelathini. Katika hali zote mbili heshima hutolewa na walio chini, si na waliogawa tepe.

Je, ni kweli kwamba misimu huipinga beji daima? Mfano wa manowari za Marekani zinazobeba ndege unalazimisha tahadhari. Juu ya sitaha ya meli hizo, penye kelele zisizoruhusu neno kusikika, kila mhudumu huvaa fulana yenye rangi ya kazi yake: manjano kwa wanaoelekeza ndege, nyekundu kwa watu wa silaha, kahawia kwa wanaozitunza ndege moja moja, zambarau kwa wanaotia mafuta. Hawa wa zambarau huitwa "grapes", yaani zabibu. Msimu huu hauna sumu. Unaichukua rangi na kuifanyia mzaha mwepesi tu. Sababu yake haiko mbali. Rangi ya fulana husema kazi, haisemi daraja, na mtu akiisoma vibaya katikati ya ndege zinazotua anaweza kuuawa. Kwa hiyo hoja ya makala haya yafaa iwekewe mpaka: misimu huikosoa alama pale alama inapomficha mtendaji, na huishangilia pale inapomdhihirisha.

Misimu ilipoingia vitabuni

Vitabu vitatu vinatosha kuonyesha njia ambayo misimu hii ilipita hadi kumfikia msomaji.

Cha kwanza ni The Mint cha T. E. Lawrence. Lawrence alikuwa luteni kanali na mtu mashuhuri alipojiandikisha kwa jina la bandia mwaka wa 1922, akaanza kama askari wa daraja la mwisho huko Uxbridge. Alitambuliwa na kuondolewa, akarudi mwaka wa 1925, akapelekwa Cranwell. Kitabu alikikamilisha Karachi mwaka wa 1928. Jina la kitabu lina maana ya kiwanda cha kufulia sarafu, na tashibihi hiyo ndiyo nguvu yake: watu huingia wakiwa madini mbalimbali, hutoka wamepigwa mhuri mmoja. Kwa maneno mengine, Lawrence aliielewa beji kuliko waandishi wengi waliomfuata. Tena alikuwa na sikio zuri, akaandika usemi wa mabwenini pamoja na matusi yake yote, kwa kuwa alijua kwamba matusi hayo ndiyo mali pekee ambayo kuruta hakunyang'anywa getini.

Kilichofuata ni funzo katika siasa ya uchapishaji. Kitabu hakikutolewa kwa umma mpaka mwaka wa 1955, miaka ishirini baada ya kifo cha mwandishi. Toleo lililouzwa kwa watu wote liliachiwa nafasi tupu mahali pa matusi. Toleo kamili lilichapwa kwa nakala chache za bei kubwa. Msomaji wa kawaida hakupata maneno kamili hadi mwaka wa 1973. Hivyo mtu wa tabaka la "erk" aliyetaka kusoma lugha ya tabaka lake alipewa mashimo meupe, na mwenye fedha ndiye aliyepewa lugha. Kasoro nyingine ni ya mwandishi mwenyewe. Lawrence alikuwa na mlango wa kutokea, na marafiki wakubwa wa kuugonga kwa niaba yake. Anasikiliza vizuri, lakini anasikiliza kama mgeni aliyechagua kulala sakafuni. Wenzake hawakuchagua.

Cha pili ni kamusi ya Eric Partridge, A Dictionary of R.A.F. Slang, iliyotoka mwaka wa 1945. Partridge ana haki ya kushukuriwa, kwani bila ya kazi ya namna yake maneno mengi yangekufa pamoja na wasemaji. Ila kamusi kwa desturi yake hueleza neno, haielezi kicheko. "Penguin" likiwekwa katika safu ya alfabeti na kufasiriwa kuwa ni afisa asiyeruka, limefasiriwa sawasawa. Lakini hakuna kinachomwambia msomaji kwamba fundi hulisema afisa akiwa ameipa ndege mgongo, na hulimeza afisa akigeuka. Tofauti hiyo ya kusema na kumeza ndiyo maana ya neno. Kamusi imelihifadhi kama vile kipepeo anavyohifadhiwa kwa pini.

Cha tatu ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nacho kina uhusiano na Afrika ya Mashariki. Roald Dahl alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam. Mwaka wa 1939 alijiunga na RAF mjini Nairobi na huko ndiko alikojifunza urubani. Mwaka wa 1943 alichapisha The Gremlins, kitabu cha watoto kilichotayarishwa pamoja na studio ya Walt Disney. Neno lenyewe halikuanza naye. "Gremlin" lilikuwa jina la kibwengo anayeharibu ndege, nalo lilikuwa likisemwa na wanahewa kabla ya kitabu hicho.

Ili kuelewa kazi ya kibwengo huyu, lazima kwanza ieleweke kazi ya saini. Kila ndege ya RAF ilikuwa na daftari lake, Fomu 700. Kila fundi alitia saini dhidi ya kazi aliyoifanya, na rubani naye alitia yake kabla ya kupaa, kukubali kwamba ameipokea ndege. Ndiyo matini pekee ambamo fundi na rubani waliandika ukurasa mmoja. Saini hiyo haikuwa pambo: ndege ikianguka, daftari ndilo lililoulizwa kwanza. Sasa, injini ikizimika angani bila sababu kujulikana, na saini zote ziko mahali pake, nani alaumiwe? Rubani akimshutumu fundi, kesho atapanda ndege iliyotengenezwa na mtu aliyemtukana. Fundi akimshutumu rubani, anamshutumu mwenye mabawa. Hapo ndipo kibwengo alipoingia. Alibeba lawama isiyoweza kubebwa na mtu, akawawezesha watu wawili wanaotegemeana kwa uhai kuendelea kutazamana usoni. Jamii za Kiswahili zinazomtaja jini pale maelezo yanapokwisha hazitauona mpango huu kuwa mgeni. Haukuwa ujinga wa mitambo. Waliomtaja kibwengo ndio walioijua mitambo kuliko wote.

Katika hadithi ya Dahl, vibwengo wanaharibu ndege kwa kisasi, kwa kuwa msitu wao ulikatwa ili kijengwe kiwanda cha ndege. Baadaye wanapatanishwa na marubani, wanafunzwa na jeshi, na wanakuwa watengenezaji wa ndege badala ya waharibifu. Kwa mtoto ni mwisho mwema. Kwa mhakiki ni mwisho wa kutia shaka. Kazi ya kutengeneza ndege, iliyofanywa usiku na mchana na maelfu ya wanaume, na pia na wanawake wa kikosi cha WAAF waliofunzwa ufundi huo, imekabidhiwa viumbe wadogo wa kuchekesha. Msimu uliobuniwa ili fundi na rubani wasilaumiane umechukuliwa na rubani, ukarudishwa kwa umma ukiwa na rubani ndani yake na bila fundi. Hakuna haja ya kumtuhumu Dahl kwa hila. Aliandika alichokiona kutoka kitini pake, na kutoka katika kiti hicho fundi huonekana kwa muda mfupi tu, akiwa chini, akipunga mkono.

Hitimisho: upande wa Kiswahili

Kiswahili kina historia yake ya beji na maneno. Wanajeshi wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka wa 1902, waliitwa Keya, neno lililofinyangwa kutokana na herufi tatu za jina la kikosi. Herufi za mkoloni zilipita katika kinywa cha Mswahili zikatoka zikiwa nomino, kama WAAF ilivyosomwa na Waingereza wenyewe kuwa neno moja. Eastleigh ilikuwa kambi ya RAF kabla ya kuwa makao ya Jeshi la Wanahewa la Kenya, lililoundwa tarehe 1 Juni 1964. Na mtaa wenye jina hilo wakazi wa Nairobi wamekwisha kuufanya Isili. Lugha haikuomba ruhusa.

Lakini lugha imekuwa na upendeleo wake. Rubani ni neno la baharini lililopandishwa angani: aliyeongoza chombo bandarini akawa anayeongoza ndege. Katika jahazi hilo hilo alikuwamo serahangi, mkuu wa mabaharia, aliyesimamia kamba, tanga na kazi ya mikono. Waingereza walimchukua mfunga kamba wao wa merikebuni wakampeleka kwenye ndege. Kiswahili kilimchukua rubani, kikamwacha serahangi ufukoni. Mtu wa ardhini alipewa neno fundi, ambalo ni neno adhimu, linalotumika hata kwa bingwa wa maneno, lakini ni pana mno. Linamchukua mshonaji, mwashi na mtengenezaji wa injini ya jeti kwa pamoja. Hapana shaka kwamba waliofanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa waliyagawa mapana hayo kwa majina yao wenyewe.

Majina hayo ndiyo yanayopaswa kutafutwa, na uhakiki uliotangulia unaonyesha namna ya kuyatafuta. Haitoshi kuandika neno na fasiri yake, kama alivyofanya Partridge. Haifai kuliondolea matusi, kama walivyofanyiwa wasomaji wa 1955. Wala haifai kulichukua kwa mwenye mabawa kwa sababu tu ndiye mwenye wasaa wa kuandika kumbukumbu zake. Mkusanyaji aandike neno, amtaje msemaji kwa kazi yake, aeleze ameambiwa nani, na zaidi ya yote aulize ni mbele ya nani neno hilo halisemwi. Wazee waliofunga kabari na kutia saini madaftari ya kwanza baada ya 1964 wamebaki wachache. Beji zao zitahifadhiwa makumbusho bila ya taabu, kwa kuwa ni za chuma na uzi; maneno waliyosemeana chini ya bawa hayana sanduku jingine ila vinywa vyao.